Mzima Kabla ya Kuulizwa

1

Koti la fundi wa programu limeshonwa ncha za mikono. Uzi wenyewe ni mnene, mweusi, unapigwa huko wilayani, ili fundi akiingia nyumba ya watu asije akashika simu yao na kuandika hata herufi moja. Kunywa chai ndani ya koti hilo ni kibarua. Unabana kikombe kwa viganja vilivyozibwa, unakipeleka mdomoni polepole, na wenyeji wanakutazama huku wakijikaza wasicheke. Atuganile hakujikaza. Alinijazia kikombe hadi ukingoni, makusudi, akaketi mbele yangu kusubiri nijimwagie.

"Kunywa, dada Sekela, isipoe."

"Wewe mtoto una roho mbaya."

"Nimeikuta kwenu," alisema, akacheka hadi akashika mbavu.

Nilimpenda kwa hilo. Tumeolewa ukoo mmoja, yeye kwa Lusajo, mimi kwa binamu yake Lusajo, na tangu alipoletwa Kilambo Juu amekuwa akinichokoza kama tumechangia titi. Lusajo mwenyewe alikuwa kazini kwenye visima vya mvuke, upande wa pili wa mlima Rungwe, na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Atuganile alibaki na shamba la viazi, migomba, ng'ombe mmoja mwenye kiburi, na baba mkwe.

Huyo baba mkwe jina lake sitalitaja. Ni baba mdogo wa mume wangu, kwa hiyo ni mkwe wangu pia, na kwetu Wanyakyusa mkamwana hataji jina la mkwe, hamtazami usoni, hasemi naye, na akimwona anakuja njiani huingia migombani hadi apite. Wengi siku hizi wameiacha mila hiyo. Wanakula meza moja na wakwe zao na kubishana nao habari za mpira. Mzee wa Chini, tunavyomwita kwa kuwa nyumba yake iko chini ya migomba, hakuiacha, na Atuganile hakumlazimisha. Tangu aolewe hakuwa ameuona uso wake.

Msidhani hawakupendana. Mimba ya kwanza ya Atuganile ilipoharibika, sisi wanawake tulimjia na maneno yetu mengi, mengine ya kufariji na mengine ya kipuuzi. Mzee hakuweza kuja. Lakini kila asubuhi Atuganile alikuta mlangoni maparachichi yaliyoiva, yamefunikwa jani la mgomba, na yaliendelea kuja hadi siku alipotoka mwenyewe kufagia uwanja. Tangu hapo chakula cha mzee hakikupikwa na mtu mwingine. Anashuka na sahani, anaiweka juu ya jiwe kubwa lililo mbele ya kibaraza, kando ya mgomba wa mwisho, anakohoa, anageuka na kupanda zake. Mzee akisikia hatua zimekwisha hutoka. Akishiba huosha sahani na kuifudikiza juu ya jiwe lile lile. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

"Haya, habari za hapa?" niliuliza, maana chai ilikuwa imetangulia salamu.

"Nzuri."

"Za Mzee?"

"Nzuri sana. Mzima kabisa." Akainua simu na kunionyesha. Kioo chote kilikuwa cha kijani, na katikati yake neno moja kubwa: MZIMA.

Nami nilikuwa nimekuja kwa ajili ya neno hilo.

2

Kwa waliozaliwa juzi, ni vizuri wajue tulikotoka. Zamani wazee wetu waliangaliwa na programu zilizoandikwa na watu wasiowajua. Mzee anavaa bangili, mapigo ya moyo wake yanakwenda nchi za mbali, na huko mashine inaamua nani aitiwe daktari na nani asubiri. Ikafika mahali mzee amekwisha kuzikwa na mashine bado inamkumbusha kunywa maji. Watu wakachoka. Ndipo ikaja Sheria ya Mkono wa Nyumbani: programu ya kumwangalia mzee iandikwe na mtu anayekula naye chungu kimoja. Fundi aje mara moja kwa mwaka, aisome, aulize maswali, asiandike kitu na asitoe jibu. Akiridhika anapiga muhuri. Asiporidhika, mzee anahamishiwa Nyumba ya Wazee mjini, kwenye vitanda vya safu na uji wa aina moja kwa watu wote.

Basi nchi nzima imejaa waandishi wa programu wanaojifunza. Nimesoma programu za wakulima, za mapadri, za mabibi waliokuwa wakiogopa hata kupokea simu. Ninachotakiwa kuhakikisha ni mambo mawili tu, kwamba programu haizimiki na kwamba haisemi uongo. Kesho yake ilikuwa mwisho wa kupiga mihuri kwenye kata yetu, ndiyo maana nilikuwa kwa Atuganile wakati kitongoji kizima kimevuka mto kwenda mazishini. Niliazimia kumaliza haraka nikawahi angalau kutupa udongo.

"Nifungulie mwanzo wake," nilisema.

Alifungua. Programu yake ilikuwa safi, imepangwa kama vyungu vya bibi harusi, na moyo wake ulikuwa mistari mitatu:

hali = "mzima"
bangili ikituma neno: hali = neno hilo
onyesha hali

"Hii 'mzima' ya juu imetoka wapi?"

"Aa, hiyo!" Akavuta kigoda karibu, kwa furaha ya mtu anayeulizwa kuhusu mtoto wake. "Mwanzoni sikuiweka. Niliandika hali peke yake, nikaiacha wazi. Kila nikifungua, simu inazimika. Inaniambia kigeu hakijapewa thamani ya kuanzia. Nililia, dada. Lusajo akipiga simu nalia, nikikamua ng'ombe nalia."

Nilimwelewa. Kigeu ni chombo chenye jina. Ukikitangaza bila kutia kitu ndani, kisha ukaiambia simu ionyeshe kilichomo, simu inachungulia, inakosa cha kuonyesha, inajifia. Kila anayeanza hupita hapo na kila anayeanza hudhani ni yeye peke yake mjinga duniani. Dawa yake ni kukitilia chombo kitu cha kuanzia, na simu haijali ni kitu gani, mradi kipo. Anayetakiwa kujali ni mwandishi. Nimewahi kukuta nyumba ambako mama aliweka sifuri kwenye mapigo ya moyo, na kila kukicha simu ilitangaza kifo cha mumewe kabla hajafungua kinywa.

"Ukafanyaje?"

"Nikajiuliza, mtu akiulizwa hali yake, huanza kusema nini? Husema nzuri! Hata kama mambo yameharibika. Habari za nyumbani? Nzuri, ila paa limeezuliwa na upepo. Habari za watoto? Nzuri, ila mmoja amelazwa. Hakuna mtu mwenye adabu anayeanza na ila. Nikasema basi na simu yangu iwe na adabu. Ianze na mzima. Kama kuna ila, bangili itaileta yenyewe." Alinitazama akisubiri sifa. "Na tangu siku ile haijazimika."

Nilitamani kumkumbatia, na papo hapo nikaliona kosa. Nimesoma makosa mengi ya kuanzia vigeu, lakini hilo lilikuwa kosa letu sisi wenyewe, watu wa nzuri-ila. Mgeni asingeweza kulifanya.

"Na hiyo bangili," niliuliza, "huleta ila?"

"Zamani ilileta sana. Mara amechoka, mara anatembea, usiku inasema amelala. Siku hizi haina maneno. Mzee amepata nguvu, we acha tu. Kipupwe chote hajapata hata mafua."

Kipupwe cha Rungwe, chenye ukungu unaoingia hadi kitandani. Mimi nilikohoa mwezi mzima.

Sisi Wanyakyusa tukikutana hutanguliza usingizi. Ugonile, tunaulizana, umelala? Labda ndiyo maana swali lilinijia hapo hapo.

"Usiku simu inasema nini?"

"Mzima."

"Ukiamka usiku wa manane ukaitazama?"

"Mzima, dada, nimeshakwambia."

"Atuganile. Mara ya mwisho kusema amelala ilikuwa lini?"

Nilimwona anarudi nyuma kichwani mwake, siku kwa siku. "Kabla hatujavuna maharage," alisema mwishowe. Maharage yalikuwa yamevunwa, yamekaushwa, na nusu yake tulikuwa tumekwisha kuyala.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Sheria inanikataza kulitoa, na safari hiyo niliiona sheria imeshona midomo pamoja na mikono. Nikamuuliza tu, "Bangili isipotuma kitu, simu itaonyesha nini?"

Aliweka kidole kwenye mstari wa chini, akapanda wa katikati, akapanda wa juu. Kidole kikabaki pale.

"Itaonyesha hili la juu."

"La juu limeandikwa na nani?"

"Na mimi," alisema Atuganile. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo, "Ni mimi. Kila asubuhi namuuliza hali yake, na ninajijibu mwenyewe."

3

Tulishuka migombani karibu kwa kukimbia. Njiani alipiga simu kwa mjumbe, kwa jirani, kwa mtoto wa jirani, lakini msibani kwetu simu huachwa kwenye kapu mlangoni, na kapu halipokei. Tulisimama nyuma ya mgomba wa mwisho, pale ambapo yeye hugeukia kila siku.

Sahani ya asubuhi ilikuwa bado juu ya jiwe. Jani la kuifunikia lilikuwa juu yake, na sisimizi walikuwa wamekwisha kuipatia njia.

"Uliiona jana jioni imefudikizwa?" niliuliza.

"Ya jana sikuikuta. Nilidhani amechelewa kuosha. Nikasema akitaka ataileta." Akanisukuma mgongoni. "Nenda wewe, dada. Wewe ni fundi."

"Ni mkwe wangu pia."

"Wewe umri umekwenda."

"Mila haistaafu, mwenzangu."

Sitajifanya shujaa. Niliogopa kama yeye. Wanawake wawili wazima, wenye akili zao, tumejibanza nyuma ya mgomba kwa kumwogopa mzee ambaye huenda alikuwa anatuhitaji kuliko alivyowahi kumhitaji mtu. Atuganile akakohoa, kikohozi chake kile cha kuacha chakula. Akakohoa kwa nguvu zaidi, mpaka kuku wakashtuka. Nyumba haikujibu.

"Nikiingia nikamkuta ameketi anasuka mkeka," alisema, "nitakuwa nimemdhalilisha. Hatanisamehe. Hataniwekea parachichi mlangoni maisha yake yote. Na nikiingia nikamkuta..."

"Nikuulize swali?"

"Hapana, dada. Sasa hivi usiniulize."

Akavua viatu vyake sijui kwa nini, akavuka kibaraza, akasukuma mlango.

Mimi nilifuata nyuma. Ndani mlikuwa na giza la nyumba isiyofunguliwa dirisha. Bangili ilikuwa ukutani, imening'inizwa kwenye msumari kando ya picha ya marehemu mkewe, na taa yake ndogo imezimika. Mzee alikuwa chini, kati ya kitanda na mlango, ameshikilia ncha ya blanketi aliyofanikiwa kuivuta. Mguu mmoja ulikuwa umelala vibaya. Alipoona kanga ya mwanamke mlangoni aligeuza uso wake ukutani, kwa shida, kama mtu anayesukuma jiwe.

Atuganile alipiga magoti. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Hakujua neno la kumwambia mtu ambaye hakuwahi kumwambia neno, na mdomoni mwake mkatoka kile ambacho hutoka kwetu sote tukiwa hatuna kingine.

"Shikamoo, baba. Habari za tangu jana?"

Mzee alimeza mate. Sauti yake ilikuwa kavu, lakini ilikuwa na heshima zake zote.

"Marahaba, mwanangu. Nzuri."

Nje kuku walikuwa wamerudi kuchakura.

"Ila nimeanguka," alisema.

Atuganile alilia, akalia huku anamshika mabega. Mimi niliuma ule uzi wa serikali kwa meno, mkono wa kwanza, wa pili, ukakatika, nikatoa vidole vyangu na tukamwinua. Alikuwa mwepesi, na miguu yake ilikuwa ya baridi kabisa. Tulimlaza, tukamfunika, Atuganile akakimbia kuleta maziwa ya moto, na alipomnywesha, mzee alifumba macho ili angalau mmoja wao asiwe anatazama.

Alipopata joto kidogo alizungumza, akiuelekea ukuta. "Ile bangili niliivua."

"Nimeiona, baba."

"Ilikuwa inakupelekea moyo wangu. Ninalala, unajua. Ninaamka, unajua. Hata marehemu hakunisikiliza kifuani namna ile. Nikasema hapana, mkamwana hasikilizi moyo wa mkwe. Kutazama uso kuna afadhali."

"Kwa nini hukusema?"

Mzee alifikiri. Nadhani alikuwa anatafuta jibu la kweli, si la kujitetea.

"Ningemwambia nani?" aliuliza.

Msemo wa mficha maradhi ulinijia ulimini, nikaumeza. Mzee hakuwa ameficha maradhi. Alikuwa ameficha moyo wake, nao ni wake. Na Atuganile hakuwa amemtelekeza. Alikuwa amemtakia uzima, kila siku, kwa herufi kubwa za kijani, na yale matakwa yakakaa mahali pa habari. Kila mmoja alikuwa amefanya la adabu, na adabu zile zote zilimlaza mtu sakafuni usiku kucha.

4

Vijana waliotoka mazishini walimbeba hadi zahanati. Paja halikuvunjika. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka vibaya na kifua kimepata baridi, lakini baada ya siku chache alirudishwa, mguu umefungwa, ameagizwa asisimame bila fimbo. Mimi niliitwa wilayani kueleza habari za koti. Nilisema nilifungua mikono ili nimwinue mtu, si ili niandike. Karani aliutazama uzi uliong'atwa, akanitazama meno, akanishonea upya bila neno. Wakaniongezea muda kidogo wa nyumba ile moja, na onyo kwamba hakuna mwingine.

Kwa hiyo tukaketi tena, Atuganile na mimi, simu katikati. Safari hii chai alinijazia nusu kikombe.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kufuta "mzima". Alikitazama kile kigeu kitupu kwa muda mrefu, kisha akaandika "mgonjwa". Alipofungua programu, simu ikageuka nyekundu na kupiga kelele hadi ng'ombe akaitikia.

"Hii itawaita majirani kila asubuhi," alisema.

"Wataitikia?"

"Juma la kwanza. Halafu watazoea. Siku akiugua kweli, watasema ni ile simu ya Atuganile." Akafuta. Nilifurahi kwamba sikuwa nimemwambia.

Akaandika "sijui".

Kioo kikawa cha kijivu. Neno lilikaa katikati, wala halikupiga kelele. SIJUI. Atuganile alilitazama na machozi yakamlenga.

"Linaonekana kama nimemtupa, dada. Niamke, jambo la kwanza simu iniambie haijui? Lile la kijani lilinifurahisha. Nilikuwa nalitazama kabla ya kusali."

"Ukiamka, kabla hujashuka migombani, unajua nini juu yake?"

"Sijui kitu."

"Na hapo unakuwa umemtupa?"

Alipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Nakuwa sijamwona bado," alisema polepole. "Nikibaki hapa na mzima yangu ndipo ninapomtupa." Na kabla sijauliza jingine alishaanza kuandika. Ikifika saa ya chai ya asubuhi na hali bado ni sijui, simu imtaje mtu na kumwambia nenda ukamwone. Aliandika kwa haraka, amekunja uso, akafungua.

Simu ikazimika. Kigeu 'mwendaji' hakijapewa thamani ya kuanzia.

Tulitazamana, tukaangua kicheko, na kicheko kikatuishia wote kwa wakati mmoja. Kwa sababu lilikuwa swali la haki. Nani aende? Lusajo yuko upande wa pili wa mlima. Mjumbe ana nyumba yake. Jirani atakwenda leo, kesho atakuwa sokoni. Kigeu kilikuwa wazi, na kila jina ambalo angelitia mle ndani lilikuwa la mtu mwingine.

Akatia lake.

"Utamwomba ruhusa?" niliuliza, na hilo halikuwa swali la fundi, lilikuwa la mkamwana mwenzake.

"Nitamwomba. Ila siwezi kukiacha kitupu wakati ninasubiri jibu."

Tulishuka. Mzee alikuwa ameagiza mkeka utundikwe kati ya kitanda na mlango, na nyuma yake tuliiona fimbo yake tu, na ncha ya bandeji. Atuganile alipiga magoti upande wa huku, akaeleza yote: kwamba ameliondoa lile neno la uongo, kwamba simu sasa itasema haijui, kwamba isipojua yeye ndiye atakayekuja, kwamba baba akivaa bangili hatalazimika kuja mara nyingi.

"Bangili sivai," ilisema sauti nyuma ya mkeka.

"Ndiyo, baba."

"Simu isinisikilize."

"Ndiyo, baba."

Fimbo ilichora sakafuni, mstari mmoja, ikarudi. Atuganile alikuwa ameinamisha kichwa na ninajua alikuwa anafikiria vile vitanda vya safu.

"Aje mwenyewe," alisema mzee. "Lakini akohoe kwanza."

Ikabaki kazi yangu. Mbele yangu palikuwa na programu ambayo, bila bangili, haitajua kitu leo, wala kesho, wala mwaka ujao. Kila asubuhi itasema sijui, nenda ukamwone, basi. Programu za nyumba nyingine huhesabu pumzi na kubashiri homa. Mzee huyu akianguka baada ya Atuganile kupanda zake, atakaa chini hadi chakula cha mchana, na hilo nililiona wazi, sikujifanya kutoliona. Kumpeleka mjini kungemlinda mguu. Sijui kungemwachia nini kingine. Nilizunguka uwanja mara kadhaa na koti langu, kuku wakinikimbia, nimekasirika kwamba mwaka huu swali lilikuwa limeniangukia mimi.

Mwishowe nilirudi kwenye sheria, maana ndiyo niliyoapa nayo. Isizimike. Nilimwambia aifungue na kuifunga hadi akachoka, haikuzimika. Isiseme uongo. Nilisoma mstari kwa mstari, sikuona uongo hata mmoja. Kwamba lazima ijue, hakuna mahali palipoandikwa. Walioandika sheria labda walisahau. Au labda kati yao alikuwamo mkamwana wa mtu.

Nilibana muhuri kwa viganja vyangu vilivyozibwa, nikaupiga.

Kesho yake nilipitia pale, si kikazi. Nilisimama kwenye njia ya juu, pale inapoikaribia nyumba ya Mzee, nikamwona Atuganile akishuka na sahani, simu imechomekwa kiunoni, kioo chake cha kijivu kikionekana juu ya kanga. Aliupita ule mgomba wa mwisho. Alifika kibarazani, akakohoa, akasubiri kidogo, akaingia na kuacha mlango wazi.

"Shikamoo, baba. Habari za kuamka?"

"Marahaba. Nzuri," sauti ilijibu nyuma ya mkeka.

Zamani angekuwa amekwisha kugeuka na kupanda zake. Aliweka sahani chini, akavuta kigoda, akaketi, akamsubiri amalize kujibu.